Pendo au Tendo

Mwalimu mmoja mstaafu wa Mji Mkongwe, Unguja, alijitwika kazi ya kuinakili katika kompyuta ya nyumbani diwani ya marehemu baba yake, iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Kila baada ya beti kadhaa kioo kiligeuka buluu, maandishi meupe yakatokeza, na mashine ikajizima. Beti ambazo hazijahifadhiwa zikapotea.

Kwanza aliutuhumu umeme, kwani hakuusahau mwaka 2008, kisiwa kilipokaa gizani takriban mwezi mzima. Akanunua kifaa cha kuutuliza. Buluu ikarudi. Akatuhumu virusi, diwani ikawekwa pembeni kwenye flashi, na fundi akaipakia Windows upya. Buluu ikarudi.

Mjukuu wake, aliyekuja likizo, alimzuia mkono. "Babu, usiizime. Tuisome kwanza inasema nini."

Akafungua daftari na kuandika namba ya kila tukio. Siku moja ilikuwa 0x0000001A, siku ya pili 0x00000050, ya tatu nyengine kabisa. Kosa la programu moja aghalabu hurudi na namba ile ile. Namba zinapobadilikabadilika, shaka huangukia kumbukumbu. Ndani mlikuwa na vibao viwili vya kumbukumbu, ambavyo mafundi huviita RAM. Akavipima kimoja kimoja, usiku kucha kila kimoja. Cha kwanza kilitoka safi. Cha pili kilitoa makosa katika matundu yote mawili. Wakakitoa. Kompyuta ikawa nzito, lakini buluu haikurudi tena.

Mzee akauliza kwa nini mashine ilikuwa ikizimika badala ya kuendelea. Akajibiwa kwamba Windows, ikibaini kuwa haiwezi tena kuyaamini yaliyomo katika kumbukumbu yake, husimama papo hapo, isije ikayaharibu yaliyokwisha kuandikwa.

"Na makosa ambayo haikuyabaini?"

Mjukuu hakujibu. Wakaketi mkekani, mmoja na hati, mmoja na kioo, wakalinganisha ubeti kwa ubeti. Katika ubeti wa arubaini, hati ilisema "pendo", kioo kikasema "tendo". Mizani ilitimia, kina kilikaa mahali pake, sikio lisingeshtuka. Ndani ya kompyuta, herufi p na t zimetengwa na biti moja tu. Katika hati ya baba yake zimetengwa na nukta: tatu chini, mbili juu. Mzee hakuweza kujua kama kosa lilikuwa la kibao au la macho yake mwenyewe.

Alilisahihisha. Kisha akarudi kwenye kurasa ambazo wadudu walikuwa wamezila nukta, pale alipokuwa amejaza kwa kukisia. Akayafuta maneno yake, moja baada ya jengine, na kuacha nafasi wazi.