Nani Anazihesabu Saa za Mwombaji?

Fomu nyingi za serikali kuu ya Marekani zina aya ndogo, pembeni au chini ya ukurasa, ambayo watu wengi hawaisomi. Aya hiyo hutaja namba ya kibali cha fomu, kisha hukadiria muda ambao mtu atautumia kuijaza, ukiwemo muda wa kusoma maelekezo na kutafuta vielelezo. Chimbuko lake ni Sheria ya Kupunguza Makaratasi ya mwaka 1980, iliyoandikwa upya mwaka 1995. Kwa mujibu wa sheria hiyo, idara ya serikali inayotaka kukusanya taarifa kutoka kwa umma sharti itangaze kusudio lake, ipokee maoni kwa siku 60, ikadirie saa ambazo watu watazitumia, na ipate idhini ya Ofisi ya Usimamizi na Bajeti iliyo chini ya Rais. Idhini hiyo haizidi miaka 3. Mwananchi hawezi kuadhibiwa kwa kutojaza fomu isiyo na namba halali.

Sheria hii nilianza kuisoma kwa makini kwa sababu ya mtihani mmoja. Nilipokuwa mhadhiri mgeni katika mji mmoja wa Marekani, niliombwa mara kwa mara kuwakalimania wakimbizi wa Kikongo waliohamishiwa huko. Wengi wao walikulia Nyarugusu, mkoani Kigoma, na Kiswahili ndiyo lugha waliyoifikisha ng'ambo ikiwa salama kuliko mali nyingine yoyote. Miongoni mwao alikuwapo mama kijana aliyeacha shule ya sekondari kambini kabla ya kumaliza. Alifanya kazi ya usiku katika kiwanda cha kufungasha nyama ya kuku, naye alitaka kusomea uuguzi msaidizi katika chuo cha jamii cha mji ule.

Kwa kawaida, msaada wa masomo wa serikali kuu ya Marekani, yaani ruzuku ya Pell na mikopo inayotolewa chini ya Sheria ya Elimu ya Juu ya mwaka 1965, hupewa mtu mwenye cheti cha sekondari au kinacholingana nacho. Asiye nacho ana mlango mwembamba unaoitwa uwezo wa kunufaika. Anaweza kufanya mtihani ulioidhinishwa na Wizara ya Elimu na kufikia alama iliyowekwa. Anaweza pia kumaliza kwanza masomo ya krediti 6 bila msaada huo, jambo linalomtaka awe na fedha zilezile alizokuja kuziomba. Tangu utaratibu huu uliporejeshwa kwa sheria ya bajeti iliyopitishwa Desemba 2014, sharti pia ajiunge na programu inayounganisha elimu ya msingi ya watu wazima na mafunzo ya kazi.

Masharti ya kusimamia mtihani huo ni mengi. Lazima usimamiwe kwa njia huru na msimamizi maalumu. Msimamizi huyo huthibitishwa na mchapishaji wa mtihani au na jimbo, na akikiuka taratibu hufutiwa uthibitisho kwa miaka 5. Mchapishaji naye hupaswa kuchambua matokeo kila baada ya miezi 18, akitafuta dalili za udanganyifu, na kuipelekea Wizara taarifa. Kila hatua ina kumbukumbu zake, na kila kumbukumbu ina saa zake katika hesabu ya serikali.

Mtu anayeyatazama makaratasi hayo kwa mara ya kwanza atasema ni urasimu mtupu. Historia haimuungi mkono. Katika miaka ya 1980, baadhi ya vyuo vya biashara viliwasaka watu wasio na cheti cha sekondari, vikawapa mtihani vilivyousimamia vyenyewe, vikapokea fedha za serikali kwa majina yao, kisha vikawaacha na deni bila ujuzi. Kamati ndogo ya Seneti iliyoongozwa na Sam Nunn iliyachunguza mambo hayo mwaka 1990 na kutoa ripoti kali mwaka uliofuata. Sharti la msimamizi huru lilizaliwa katika mazingira hayo. Hata hilo halikutosha. Mwaka 2009 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilieleza jinsi wachunguzi wake walivyojifanya waombaji wa masomo katika tawi la chuo kimoja cha biashara. Msimamizi aliyeitwa huru aliwatajia baadhi ya majibu, na majibu waliyoandika wenyewe yakakatwa na kubadilishwa ili wafaulu. Kanuni zilizoanza kutumika Julai 2011 ziliongeza ukali, na pamoja nao makaratasi.

Kwa hiyo siwezi kuungana na wanaodai kwamba kila fomu ni adui wa maskini. Aliyebadilishiwa majibu ili afaulu hakufanyiwa hisani. Aliuzwa. Fomu inayomzuia mfanyabiashara wa namna hiyo inamlinda mwanafunzi hata kama mwanafunzi mwenyewe haioni.

Lakini nilimsindikiza mama yule, na niliyoyashuhudia hayamo katika hesabu yoyote. Siku ya kwanza tuliambiwa msimamizi huja kwa siku maalumu tu, na siku hiyo haikuwa yake. Siku ya pili jina lililo kwenye karatasi ya uhamiaji halikulingana na lililo kwenye kitambulisho, kwa kuwa ofisa fulani, mahali fulani katika safari yake ndefu, aliyageuza majina yake matatu nyuma mbele. Siku ya tatu alifanya mtihani. Mimi nilibaki ukumbini, kama ilivyostahili. Siku ya nne alirudi kuthibitisha kwamba programu aliyoichagua ni ya aina inayokubalika. Kila siku ilikuwa mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, baada ya zamu ya usiku, huku mtoto akiachwa kwa jirani. Mtihani wenyewe haukufika saa mbili.

"Mwalimu, mtihani nauweza," aliniambia tukiwa kituoni siku ya pili. "Siku ndizo sina."

Alifaulu. Matokeo yalipokamilika, muhula ulikuwa umekwisha kuanza, ikambidi asubiri mwingine. Chuo hakikuvunja kanuni hata moja, na kila mtu aliyetuhudumia alikuwa na adabu.

Baadaye nilisoma matangazo ya makadirio ya mzigo ambayo Wizara huyatoa kuhusu kanuni za mtihani huu. Ni nyaraka za uaminifu. Zinaorodhesha kazi za wachapishaji, za majimbo na za vyuo, na kuzigeuza kuwa saa kwa mwaka. Nilijikuta nikiuliza siku nne za mama yule ziko wapi. Saa moja ya mwanasheria wa kampuni ya mitihani na saa moja ya mfanyakazi wa zamu ya usiku zinaandikwa kwa tarakimu ileile. Ya kwanza inalipwa mshahara, na ya pili inakatwa kwenye mshahara. Safari ya bure iliyosababishwa na ratiba ya msimamizi si muda wa kujaza fomu, basi haiingii. Muhula uliopotea hauna hata safu ya kuandikiwa.

Kuna hatari ya pili, na hii nawaomba wanaharakati waifikirie. Kuanzia Julai 1, 2012, Bunge la Marekani liliufunga mlango huu kwa wanafunzi wapya, katika kubana matumizi ya bajeti. Kwa waliokuwa wakipanga kujiunga, mzigo wa makaratasi ulishuka hadi sifuri. Hakuna mtihani, hakuna msimamizi, hakuna kumbukumbu, na hakuna msaada. Kama kipimo chetu cha haki ni uchache wa fomu, basi kipindi kile kilikuwa cha haki kuliko vyote. Tunapodai makaratasi yapungue, tuseme pia mlango ubaki wazi kiasi gani.

Nimerudi nyumbani na swali lilelile, kwa kuwa nasi tunayo mizani yetu ya kupima nani anastahili. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004, na kazi yake mojawapo ni kuwatambua wahitaji. Mwombaji huhakiki cheti cha kuzaliwa RITA, au kwa wakala wa usajili wa Zanzibar. Yatima hutafuta vyeti vya vifo. Fomu hupita kwa uongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, kwa mdhamini, na kwa hakimu au wakili. Sababu za masharti haya zinaeleweka. Mtoto wa mwenye nacho akijiita yatima, anayeumia ni yatima wa kweli, kwa sababu mfuko una kikomo.

Swali ni nani abebe kazi ya kuthibitisha. RITA ni ya serikali na Bodi ni ya serikali, lakini kijana wa miaka 19 ndiye tarishi kati yao, na kila kituo anakilipia kwa nauli, ada au kuchapisha nakala. Aliyezaliwa nyumbani kijijini na hakuandikishwa kwa wakati, au ambaye baba yake alizikwa bila cheti, ana safari ndefu kuliko mwenzake wa mjini mwenye mafaili kabatini. Mtihani wa uhitaji unageuka kuwa mtihani wa kuwa na vielelezo, na mhitaji zaidi ndiye anayeelekea kuufeli. Wakati huohuo, namba ya mtihani wa kidato cha nne hutumika kuanzisha ombi la mkopo mtandaoni. Kwa upande wa matokeo ya mitihani, basi, taasisi zimeweza kuzungumza bila mtoto kutumwa. Hakuna sababu ya kimaumbile kwa nini isiwe hivyo kwa vizazi na vifo.

Ndugu watumishi wa umma mnaosoma hapa, hili liko ndani ya uwezo wenu bila kusubiri sheria mpya. Kabla ya kuongeza kielelezo katika fomu, mkabidhini mtu mmoja aliyetoka wilaya ya mbali akakitafute, naye aandike siku, nauli na ofisi alizopitia. Takwimu hiyo ichapishwe pamoja na mwongozo wa waombaji, wilaya kwa wilaya. Kielelezo ambacho ofisi nyingine ya serikali tayari inacho, kiombwe kwa ofisi hiyo.

Nanyi wanafunzi mliopita njia hii, wengi wenu bado mnazo risiti na tarehe. Ziandikeni sasa kabla hamjasahau: siku ngapi, shilingi ngapi, mlango upi ulifungwa. Chama cha wanafunzi kinachokwenda kwenye meza ya majadiliano na daftari la namna hiyo kitakuwa kimeleta jambo ambalo Bodi yenyewe haina.