Kutoka Vyuma vya Saruji hadi Sindano

Miaka ya tisini sisi vijana wa Mwanjelwa hatukuwa na jimu. Vyuma vyetu vilikuwa makopo ya rangi yaliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba la maji, na benchi alitupigilia fundi wa jirani kwa mbao za paini. Tulinyanyua alfajiri kabla ya shughuli za soko, baridi ya Mbeya ikituuma vidole. Chakula kilikuwa ugali, maharage na karanga. Mwenye nafasi aliongeza maziwa na mayai. Mwili ulikuja polepole. Kijana alihangaika na kifua miaka miwili ndipo mtaa uanze kumwona, na wadogo zake walimuuliza, "Kaka, unakula nini?"

Nilipohamia Iringa kikazi bado watu waliulizana hivyo. Kisha zikaja jimu za vioo na mashine, na simu zikajaa picha za miili mikubwa ya Ulaya na Marekani. Swali likawa, "Kaka, unatumia nini?" Majibu yalisafiri na mabasi: vichupa vya homoni ya kiume, testosteroni ya mafuta, vikipita mkono kwa mkono bila daktari wala cheti. Dawa yenyewe si mpya, kwani testosteroni ilitengenezwa maabara Ulaya tangu mwaka 1935. Hata Arnold Schwarzenegger, tuliyemtazama kwenye vibanda vya video kule Mbeya, alikuja kukiri hadharani kwamba enzi zake alitumia steroidi, dawa za jamii hiyo hiyo. Sisi tulidhani ni chuma na chakula tu.

Rafiki yangu mmoja, mzaliwa wa Rungwe aliyehamia Kihesa hapa Iringa, alifura ndani ya msimu mmoja. Alijichoma sindano pajani kila wiki, akapumzika kidogo, akarudia, kwa miaka. Akaoa. Mtoto hakuja, na hapo ndipo lilipoanza jambo ambalo mpaka leo linanichoma moyo: aliyelaumiwa ni mkewe. Shemeji alinyweshwa mizizi, akapimwa mirija, akapigwa picha za tumbo, akasimangwa ukweni. Nani angemshuku mwanaume mwenye kifua kile?

Hatimaye mganga mmoja hospitalini aliagiza mume naye apimwe. Mbegu hazikuonekana hata moja.

Niliketi naye siku alipoelezwa. Chini ya ubongo kuna tezi ya pituitari, na ndiyo inayotuma homoni za kuziamuru korodani zifanye kazi. Ubongo hupima testosteroni iliyomo kwenye damu. Ikiingia ya sindano kwa wingi, ubongo hukata amri, mfano wa mkulima wa Uyole anayekuta ghala limejaa mahindi ya mtu mwingine, naye akaweka jembe chini. Korodani zisizoamrishwa husinyaa. Na mbegu hutegemea testosteroni inayotengenezwa mle mle ndani ya korodani, ambayo kiwango chake ni mara nyingi kuliko cha kwenye damu. Kwa hiyo damu inaweza kujaa homoni, misuli ikanawiri, na korodani zikabaki kavu.

Jambo hili limejulikana kiasi kwamba Shirika la Afya Duniani lililijaribu kama uzazi wa mpango kwa wanaume. Katika matokeo yaliyotolewa mwaka 1990, wanaume 271 walichomwa miligramu 200 za testosteroni kila wiki, na 157 kati yao wakafikia kutokuwa na mbegu kabisa. Hao walisimamiwa na madaktari kwa dozi moja isiyobadilika. Vijana wa jimu huchoma zaidi ya hapo, na mara nyingi huchanganya dawa mbili tatu.

Rafiki yangu aliacha sindano. Ghafla testosteroni ya nje ikakatika na ya kwake haijaamka. Hamu ya tendo la ndoa ilipotea, usingizi ukaharibika, alikaa sebuleni jioni nzima bila kusema. Misuli ilimtoka. Wengi hurudia kuchoma kipindi hicho hicho, na kila wanaporudia, safari ya kupona hurefuka. Kwa wengine mwili huamka baada ya miezi kadhaa, kwa wengine hupita mwaka, na waliotumia miaka mingi wapo ambao hawarudi kikamilifu. Zipo dawa za kuziamsha korodani, lakini ni za daktari bingwa.

Ilibidi ukweni waelezwe, lakini shemeji alikataa kufuatana naye Tukuyu kwa mama yake. "Nimejibu kwa niaba yako miaka yote hii," alimwambia. "Safari hii kajibu mwenyewe." Rafiki yangu akapanda basi peke yake, akamweleza mama yake habari za sindano mpaka mwisho. Wiki hiyo hiyo mama alikuja Iringa kumwomba mkwewe radhi.

Vipimo vya karibuni vimeonyesha mbegu chache, na homoni yake bado iko chini ya kawaida. Wamepangiwa kurudi kliniki, na safari hii wanakwenda wote wawili.