Mama Amekuja Lavington kwa Siku Tatu

Kwa mtu wa Pwani, Nairobi ni bara, na bara ni ugenini hata kwa aliyepanga nyumba huko miaka kumi. Si kwamba sisi ni wageni wapya mjini humo. Waswahili walikuwa na makao yao Pangani tangu miaka ya mwanzo ya mji, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 kikaanzishwa kitongoji cha Pumwani, ambacho hadi leo watu hukiita Majengo, chenye misikiti yake, vyuo vyake vya Qur'ani na baraza zake. Lakini kazi za siku hizi zimezipeleka familia zetu nyingi upande wa magharibi: Kilimani, Kileleshwa, Lavington. Huko hakuna baraza. Nawaandikia leo habari za Lavington, na za wazee wetu wanaokuja kututembelea.

Lavington ni mtaa wa miti na kuta. Mwaka 1899, mwaka ule ule reli ilipofika Nairobi, wamisionari Wakatoliki kutoka Ufaransa walijenga hapo kituo chao cha St. Austin's wakapanda mibuni. Baadaye zikaja nyumba za Wazungu zenye bustani pana, na sasa nyumba hizo zinabomolewa moja baada ya nyingine, mahali pake pakiinuka fleti. Kila fleti ina ukuta, kila ukuta una lango, na kila lango lina bawabu mwenye daftari la kuandikia wageni. Ukiifuata Barabara ya Gitanga kuelekea magharibi, mambo yanageuka ghafla: umefika Kawangware, penye soko, kelele za matatu, mitumba iliyotandazwa chini, na misikiti. Baina ya mitaa hiyo miwili ni mwendo wa miguu tu, ingawa wakazi wengi wa Lavington hawaendi.

Mavyaa wangu alikuja mwishoni mwa Juni kwa treni ya alasiri kutoka Miritini. Tangu reli hiyo mpya ilipofunguliwa mwaka 2017, safari ambayo wazazi wetu waliilalia usiku kucha imekuwa ya saa tano au zaidi kidogo, na kisingizio cha njia kuwa ndefu kimekwisha. Kutoka stesheni ya Syokimau tulipanda Barabara ya Expressway, ile ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022, yenye urefu wa kilomita 27, ambayo huishia Westlands penye Barabara ya James Gichuru, jirani kabisa na kwetu. Mama aliupita mji mzima akiutazama kutoka juu, mkono mmoja ukiwa umeushika mkoba. Ndani yake mlikuwa na nguru wa kukaanga, achari ya ndimu, mabuyu ya watoto, na nazi sita ambazo alikataa katakata kuzitia kwenye buti ya gari.

Usiku wa kwanza aliuliza mambo mawili. La kwanza, kibla. Hilo lilikuwa jepesi: Mombasa tunaelekea kaskazini, na Nairobi ni kaskazini vilevile, ikiegemea mashariki kidogo. La pili lilikuwa zito zaidi. "Adhana hamuisikii?" Nyumbani kwake Kibokoni adhana huanza msikiti mmoja ikapokewa na mwingine mpaka mtaa wote ukajaa. Kwetu hulia simu. Mama aliitazama ile simu juu ya meza, hakusema kitu, akaenda kutawadha.

Alikuwa amesema tangu kwenye tikiti kwamba anakaa siku tatu. Ameingia Alhamisi, Jumatatu anarudi. Wasomaji wa kike watanielewa nikisema kwamba hesabu hiyo haikuwa ya treni peke yake. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu Pwani, msafiri aliyefika mahali hupunguza swala zake za rakaa nne zikawa mbili, maadamu hakunuia kukaa siku nne timilifu, bila kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka. Akinuia siku nne, amekuwa mkaazi, na swala anazitimiza. Mama alilijua hilo barabara. Akatuswalisha sisi wanawake, akisimama kati ya safu pamoja nami na binti zangu wawili. Baada ya rakaa mbili hutoa salamu, nasi tukainuka kukamilisha zetu. Nilipomwambia kwamba mume wangu angependa akae mpaka Agosti, kwani tangu kufiwa na mzee analala peke yake katika nyumba ya ghorofa mbili, alijibu, "Mwanangu, mimi ni msafiri." Na huwezi kubishana na nia ya mtu.

Basi tukafanya wafanyavyo wenyeji wote wa Nairobi: tukaijaza wikendi. Ijumaa tulimpeleka Msikiti wa Jamia, katikati ya mji, wenye kuba tatu na minara miwili, na baada ya swala tukapitia Soko la City Market, jirani yake, ambako aliwakagua sangara na ngege wa Ziwa Viktoria kwa huruma. Jumamosi tulikwenda Msitu wa Karura, hekta zipatazo 1,000 za miti ndani ya jiji. Nilimsimulia jinsi Profesa Wangari Maathai na wenzake walivyopigwa mwaka 1999 walipokwenda kupanda miti kuwazuia wanyakuzi wa ardhi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza ni nani atakayesimama hivyo kwa ajili ya mikoko ya Tudor. Tulitawadha kwa maji ya chupa, tukatandika mkeka chini ya miti, naye akazikusanya Adhuhuri na Alasiri pamoja, kama msafiri.

Jumapili ilikuwa zamu ya Bonde la Ufa, juu ya Mai Mahiu. Pilau tulibeba wenyewe ndani ya hotpoti, na nawashauri wenye wageni wazee wafanye hivyo hivyo, kwani njiani utakuta mikahawa mingi lakini kila mmoja utahitaji maswali. Ukingoni pale, penye wauza kofia za ngozi ya kondoo, bonde linafunguka mpaka macho yanachoka. Mama alisimama na leso yake ikipepea. "Bahari iliyokaushwa," akasema. Watoto wamelishika neno hilo mpaka leo.

Safari hizo zilikuwa njema. Lakini sisi waandaaji wa wikendi huisahau Jumatatu. Jumatatu watu wazima wanakwenda kazini, watoto wakubwa wanakwenda shuleni, lango linafungwa, na mzee aliyezoea kusalimiwa na watu ishirini kabla ya saa tatu asubuhi anabaki na televisheni. Nimeona mama wa rafiki yangu akirudi Lamu kwa sababu hiyo, huku watoto wake wakijiuliza ni wapi ambapo hawakumpeleka.

Jumatatu hiyo mama hakuondoka. Mdogo wetu wa miaka minne alikuwa ameshikwa na kikohozi cha baridi, na mama akasema atamngoja apone, labda kesho, labda keshokutwa. Kwa mwenye kungoja haja asiyojua itakwisha lini ruhusa ya kupunguza haikatiki upesi, hivyo akaendelea na rakaa zake mbili. Jumanne alitaka tangawizi na ndimu. Dada anayetusaidia kazi, ambaye anakaa Kawangware, akamwambia, "Twende kwetu, Bibi, ni karibu." Wakatoka kwa miguu, mtoto akabaki nami.

Walirudi baada ya Alasiri, na sauti ya mama niliisikia kutoka kwenye ngazi. Alikuwa ameswali msikitini huko, akawakuta wanawake kwenye darasa lao, na mmoja wao ni mzaliwa wa Malindi aliyehamia Nairobi na mumewe miaka mingi iliyopita. Adhana, alisema, ameisikia kwa masikio yake. Jumatano akaenda tena, safari hii akiwa na mahamri ndani ya bakuli. Alhamisi mvua ilimchelewesha, na mtu akapiga simu kuuliza kwa nini Mama wa Mombasa haonekani. Bawabu wetu, ambaye sisi hutupungia mkono tu, alikuwa ameshaanza kumwamkia shikamoo na kumfungulia lango bila daftari.

Usiku ule mume wangu alikuwa bado kwenye msongamano wa magari. Mtoto alikuwa amepona tangu jana. Tulisimama kuswali Isha, mama kati ya safu. Baada ya rakaa ya pili alisoma tahiyatu, nasi tukangoja salamu tuinuke kumalizia zetu kama tulivyozoea. Mama akainuka kwa rakaa ya tatu. Binti yangu mkubwa alinitupia jicho, ingawa anajua kuwa haifai.

Baada ya dua aliukunja msala, akaniuliza sweta za mitumba Kawangware huletwa siku gani, maana Julai ilikuwa bado nzima.