Kwihara: Disko hakuna, usingizi upo!

Wabongo mnaosema Tabora ni asali na maembe tu, fikeni Kwihara, nje kidogo ya mji. Nilikuja kuuza kiwanja cha marehemu babu. Disko hakuna, na ukitaka mambo ya mjini, panda bodaboda. Noma!

Jirani, mzee wa Kinyamwezi, akanionyesha tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Stanley aliondoka Machi, yeye akabaki akisubiri wapagazi mpaka Agosti. Mie siku mbili tu, roho juu!

"Mjukuu wangu, hapa watu walijua kusubiri," akasema mzee.

Usiku ule nililala fofofo, upepo wa miembe ukinipepea. Asubuhi mnunuzi akapiga simu. Sikupokea. Wapagazi walitua mizigo hapa; nami acha nitue wangu kwanza.