Majina ya Mikoko: Mwanafunzi na Matope ya Changamwe

Neno "mikoko" lina hadaa yake. Kinywani mwa mwanafunzi wa chuo kikuu anayeshuka kwenye matope ya Changamwe, mche mkononi, neno hilo hujumuisha msitu mzima wa pwani. Kinywani mwa mkata boriti, mkoko ni mti mmoja tu, ule wenye mizizi ya matao. Kando yake wapo mlilana, mchu, mkandaa na mkomafi, kila mmoja na mahali pake. Baina ya vinywa hivyo viwili ndipo linapokaa suala zima la uhifadhi.

Changamwe ni matini inayodai msomaji makini. Mnamo 1988 takribani tani 5,000 za mafuta zilimwagika katika hori la Makupa na kuangamiza mikoko. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliteremsha udongo mwingi uliozika mizizi ya miti katika hori la Mwache, upande wa magharibi. Huko Kibarani, takataka zilirundikwa kwa miaka mingi ukingoni mwa maji. Tuta la Makupa nalo lilizuia maji kupwa na kujaa kama kawaida yake, hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 2022. Vifo hivi havikuwa na chanzo kimoja, wala havina tiba moja.

Hata hivyo, bidii ya mwanafunzi aghalabu huelekea kwenye tiba moja tu. Mbegu ya mkoko ni ndefu, huokotwa kwa urahisi na kuchomekwa matopeni bila kitalu. Kwa saa chache safu nzima huwa imesimama na picha zimepigwa. Lakini mti wa kutangulia mbele ya mawimbi ni mlilana, ambao mbegu zake ndogo huhitaji kuleleka kwanza. Mkoko uliopandwa mahali pa mlilana huenda usidumu. Bidii haikukosekana, kilichokosekana ni usomaji.

Huko Gazi, kusini mwa Mombasa, upandaji wa majaribio ulioanzishwa mwaka 1991 na taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi umekuwa darasa la wanafunzi wa uzamili na uzamivu, wa Kenya na wa ng'ambo. Thamani ya darasa hilo imo katika maswali yake: ni mti gani, maji hufika wapi, na ni nani atakayerudi kuutazama baada ya miaka?

Hapa ndipo fasihi na isimu zinapopata kazi. Msamiati wa Kiswahili kuhusu miti hii ni tajiri, ila umeundwa na shoka. Fito, pau, mazio, boriti na nguzo ni majina ya mti uliokwisha kukatwa, kwa kadiri ya unene wake; mlilana husifiwa kwa mataruma ya vyombo, mkandaa kwa gome la kutia ngozi rangi. Serikali ilipopiga marufuku usafirishaji wa boriti nje ya nchi mwaka 1982, iliiokoa miti mingi. Lakini sheria inayomtazama mkataji kama mharibifu tu huweza pia kuwaondolea wanafunzi mwalimu wao. Yeye ndiye ajuaye mchu huota wapi, na ni matope gani yasiyobeba mkandaa.

Kwa hiyo jukumu la mwanafunzi ni zito kuliko kupanda. Anapaswa kuupokea msamiati huo kutoka kwa aliyekuwa akikata, kisha kuutumia kinyume cha ulivyozoea kutumika: jina lililoagizia boriti sasa lielekeze mche mahali pake. Kuuliza si ujinga. Mwanafunzi anayefika Changamwe na miche mia bila swali hata moja atakuwa amepanda miti asiyoijua katika maji asiyoyasoma. Maji yakijaa, hayatajali nia yake ilikuwa njema kiasi gani.