Zippo ya babu na ile ya Mbamba Bay

Ukiwa mwandishi wa habari za afya, ndugu zako wanakufanya maabara. Tangu nilipoanza kuandika kuhusu dawa bandia, kila nikirudi Mbinga naletewa vitu nivikague: krimu za uso, betri za simu, hata pakiti ya mbegu za mahindi. "Hebu tuangalizie mama, wewe uliyesoma." Juni mwaka jana nililetewa viberiti viwili vya chuma.

Cha kwanza kilikuwa cha marehemu babu. Alikipata mwishoni mwa miaka ya 1970, bei ya kahawa ilipopanda baada ya baridi kali kuunguza mibuni ya Brazil mwaka 1975. Wazee wetu wa Kimatengo wanaikumbuka miaka ile kwa vitu walivyonunua: mabati, baiskeli, redio. Babu mabati alikuwa nayo tayari, akanunua Zippo kwa jirani aliyekuwa akifanya kazi Zambia. Alivuta sigara mpaka mapafu yakakataa, kiberiti kikabaki kwa baba mdogo.

Cha pili baba mdogo alikinunua mwenyewe Mbamba Bay kwa Sh35,000. Siku hizi lami imefika, unateremka ziwani asubuhi na jioni uko nyumbani. Kijana mmoja aliyekuwa akitembeza bidhaa alimwambia hiyo ni Zippo orijino na haizimiki hata kwa upepo wa ziwani. Neno la upepo ndilo lililomlainisha. Ana mtumbwi kwa ubia na shemeji yake wa Liuli, na anajua taabu ya kuwasha karabai usiku upepo ukianza kuvuma.

Sasa kulikuwa na shida ya pesa. Binamu yangu alikuwa anakwenda kidato cha tano, shule ya bweni. Ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa mwaka 2022, lakini godoro, sare na nauli havijafutwa. Baba mdogo akaamua kuuza kimoja. Mnunuzi wa vitu vya zamani pale mjini aliviweka vyote viwili kiganjani, akasema cha babu ni feki kwa sababu hakina alama ya mwali wa moto juu ya herufi "i", na kwamba atampa Sh10,000 kwa kumsaidia tu. Cha Mbamba Bay akakisifia.

Nilikaa navyo barazani jioni nzima, simu mkononi. Nawaeleza nilichokiangalia, maana vitu hivi vimejaa masokoni na wapo wazazi wanaovinunua kama zawadi ya harusi au ya mzee kustaafu.

Anza chini ya kiberiti. Zippo inatengenezwa Bradford, jimbo la Pennsylvania, Marekani, tangu mwaka 1933, na jina la mji huo limegongwa chini ya kasha. Pamoja nalo kuna alama ya mwaka kiberiti kilipotengenezwa. Kati ya 1974 na 1981 alama hiyo ilikuwa mistari iliyolala upande: minane mwaka 1974, kisha ikapungua mmoja kila mwaka mpaka ukabaki mmoja mwaka 1981. Kuanzia 1986 wakaweka herufi ya mwezi, A kwa Januari hadi L kwa Desemba, na mwaka kwa tarakimu za Kirumi. Tangu 2001 mwaka unaandikwa kwa tarakimu mbili za kawaida.

Cha babu kilikuwa na mistari mitatu kushoto na mitatu kulia. Sita, yaani 1976. Na ule mwali juu ya "i" ambao mnunuzi aliutaka ulianza kutumika karibu na mwaka 1980. Kama kiberiti cha 1976 kingekuwa nao, hapo ndipo tungeshtuka! Ama mnunuzi hakujua, ama alijua vizuri sana. Mimi nina maoni yangu.

Cha Mbamba Bay kilikuwa na mwali, kilikuwa na Bradford, na kando yake herufi P na namba 18. Nilimwomba baba mdogo ahesabu miezi kwa vidole kuanzia A. Alipofika L alinyamaza, akaniangalia, akasema, "Kwa hiyo huu ni mwezi gani, mwanangu?"

Mengine ni ya kushika na kusikiliza. Kasha la kawaida ni la shaba ya njano iliyopakwa kromu, kwa hiyo ni zito kwa ukubwa wake na sumaku hailivuti. (Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia shaba iliadimika wakatumia chuma, kwa hiyo sumaku peke yake isikuhukumie kiberiti cha mzee aliyepigana Burma.) Bawaba ya kifuniko ina vipande vitano vilivyoshikana bila kuchezacheza. Vuta sehemu ya ndani itoke: kizuia upepo kina matundu manane kila upande, na kitambaa kizito cha chini kina maandishi ya kukuelekeza ukinyanyue unapojaza mafuta. Maandishi yanapaswa kuwa makali, si ya kufifia kama muhuri uliokauka wino.

Kuna alama moja ambayo wauzaji wengi hawaijui. Zippo husafirishwa ikiwa kavu. Ukiuziwa mpya ndani ya boksi na inawaka hapohapo, kuna mtu kati ya Bradford na wewe ameshaitia mafuta. Huenda ni muuzaji mwema anayekuonyesha kwamba kinawaka, lakini muulize. Na bei nayo inasema: ile ya kawaida kabisa, isiyo na urembo, kiwandani kwao ni karibu dola 20 za Marekani kabla ya usafiri na ushuru. Ukiipata mpya kwa Sh35,000 gatini, fanya hesabu mwenyewe.

Za kifahari zaidi, kama S.T. Dupont ya Ufaransa inayouzwa kwa mamia ya dola na kusifiwa kwa mlio wake kifuniko kinapofunguka, sijaona mtu anazo Mbinga. Zile zina namba yake kila moja chini ya kasha, na namba moja kujirudia kwenye viberiti vingi ni dalili mbaya.

Niseme pia kwamba kutengenezwa China si kosa. Mji wa Wenzhou unatengeneza viberiti vya chuma kwa wingi na vingi vinauzwa kwa jina lake halali. Feki ni kile kinachobeba jina la mwingine. Kwetu jambo hilo liko chini ya Tume ya Ushindani, kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na ubora wa bidhaa uko chini ya TBS. Mwenye ushahidi apeleke huko badala ya kugombana na kijana wa gatini, ambaye mara nyingi naye ameuziwa hivyohivyo.

Basi, Jumapili baada ya misa, ukoo mzima ulikuwa barazani ukijadili. Viberiti vyote viwili vilikuwa juu ya kigoda. Kile cha Mbamba Bay kilikuwa kimeshamvujia baba mdogo mfukoni safarini na paja lilikuwa jekundu, lina malengelenge madogo. Hata Zippo halisi ikijazwa kupita kiasi humfanyia mtu hivyo, ila hii ilivuja kwa sababu kasha na sehemu ya ndani havikubanana. Cha babu alikuwa amekitia mafuta asubuhi hiyo ili kumwonyesha kaka yake kwamba bado ni kizima.

Mtoto wa dada yangu ana miaka minne. Hakuna aliyemwona akichukua. Tulisikia kifuniko, kisha kelele.

Kilikuwa cha babu. Kilichotengenezwa 1976 kilishika moto kwa mzunguko mmoja wa kidole cha mtoto, na mkono wa sweta lake ukashika naye akiwa nalo mwilini. Juni Mbinga ni baridi, watoto wanavaa masweta ya nyuzi za kiwandani ambayo hayaungui tu, yanayeyuka. Dada alimwagia ndoo ya maji aliyokuwa ameandaa ya kuoshea vyombo. Bibi, kwa mapenzi yote, akatoka ndani na dawa ya meno.

Nilimzuia bibi, na nawaandikia wazazi hapa kwa herufi zinazosomeka: jeraha la moto linawekwa chini ya maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Si barafu, si dawa ya meno, si yai, siagi wala unga. Vua nguo isiyoganda kwenye ngozi, iliyoganda iache. Malengelenge usiyapasue. Funika kwa kitambaa safi, mfunike mtoto mwili uliobaki asipate baridi, nenda hospitali. Kwa mtoto, jeraha lolote la usoni, mkononi, kwenye kiungo au sehemu za siri, au linalozidi ukubwa wa kiganja chake, si la kutibu nyumbani.

Dakika 20 ni ndefu sana mtoto anapolia. Dada alizihesabu kwa sauti. Vidole vitatu na kifundo cha mkono, hivyo ndivyo vilivyoungua, na leo amebakiwa na kovu dogo tu.

Usiku ule ndipo nilipotafuta jambo ambalo sikuwa nimelitafuta jioni ile ya kukagua mihuri: kuna kanuni gani kuhusu watoto? Marekani tangu 1994, na Umoja wa Ulaya kwa uamuzi wa mwaka 2006, viberiti vya gesi vya bei nafuu vinatakiwa viwe vigumu kwa mtoto kuwasha. Kipimo chao ni kuwapa watoto wa chini ya miaka minne na miezi mitatu, na angalau 85 kati ya kila 100 washindwe. Hao 15 waliobaki uwakumbuke. Lakini viberiti vya kifahari vinavyojazwa upya na kudumu miaka viliachwa nje ya masharti hayo. Waliotunga kanuni waliona kwamba mtu hukitunza kitu cha thamani, hakiachi ovyo.

Hakiachi ovyo! Sisi kitu cha thamani tunakiweka juu ya kigoda ili wageni wakione.

Kwa hiyo mzazi anayeniuliza "hiki ni halisi?" siku hizi namjibu kwa maswali mawili, na la mfuko wake ndilo dogo. Muhuri wa chini unakwambia kama umeibiwa. Haukwambii mtoto atafanya nini nacho. Kile halisi kinawaka kirahisi, na kikidondoka hakizimiki mpaka kifuniko kifungwe, maana ndivyo kilivyobuniwa kwa ajili ya upepo. Mtoto akishtuka anakitupa, nacho kinaendelea kuwaka pale kilipoangukia, penye mkeka au pazia.

Kuna hatari nyingine kwenye mafuta yenyewe. Yale ya Zippo ni mepesi kama petroli, na vijijini kwetu wengi wanatia petroli yenyewe, iliyohifadhiwa kwenye chupa ya soda. Mtoto akiinywa, hatari kubwa si tumboni bali ni mafuta kuingia kwenye mapafu. Ndiyo maana hutakiwi kumtapisha wala kumlazimisha anywe maziwa: akitapika, yanapita njia ya hewa mara ya pili. Mpeleke hospitali haraka pamoja na chupa, hata kama anaonekana mzima. Akianza kukohoa au kuhema kwa shida, kila dakika ni muhimu. Chupa ya soda iwe na soda.

Na vile vya plastiki vya dukani, vyenye tochi, visiachwe juani kwenye pikipiki au dirishani. Kiwango cha kimataifa, ISO 9994, kinataka kiberiti kivumilie kudondoshwa kutoka urefu wa mita 1.5 na joto la nyuzi 65, lakini hicho chako sidhani kama unajua kilipimwa wapi. Vile vyenye umbo la simu, gari au mwanasesere, ambavyo Ulaya wamevipiga marufuku, usinunue hata kwa utani.

Kiberiti cha Mbamba Bay baba mdogo alikitoa gurudumu na kukitupia kwenye boksi la vyuma chakavu. Cha babu alikikausha, akatoa utambi na jiwe, akakifungia kwenye kopo la chuma juu ya kabati. Godoro la binamu lilipatikana kwa mkopo wa kikundi cha akina mama. Mnunuzi wa mjini amepiga simu mara mbili tangu hapo. Mara ya pili alifika Sh60,000, na hakutaja tena habari za mwali. Baba mdogo amemwambia asubiri kahawa ikauke kwanza.