Salamu kutoka Bologna

Dada mpenzi,

Nimefika salama. Mji huu una vibaraza vyenye paa karibu kila mtaa. Mvua inanyesha nawe unajiendea zako bila mwavuli. Mengine nitakusimulia nikirudi. Leo nataka nikueleze habari za mwanamke wa nta niliyemkuta Palazzo Poggi, makumbusho ya chuo kikuu. Tangu nimwone nakuwaza wewe na wodi yako ya watoto wachanga.

Wanamwita Venerina. Alitengenezwa na Clemente Susini huko Florence mwaka 1782, ili watu wajifunze mwili bila kungoja maiti. Amelala chali, nywele zimemwagika, shingoni ana lulu. Kiwiliwili chake hufunguka: ukuta wa kifua na tumbo hutoka, kisha mapafu, ini, utumbo, kila kiungo kwa zamu yake, hadi mji wa mimba. Humo mna kijusi. Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi.

Lakini moyo wake, dada! Mwaka 2010 watafiti walichapisha uchunguzi wa moyo ule wa nta. Kuta za ventrikali zote mbili zina unene sawa, ilhali kwa mtu mzima ya kushoto huwa nene zaidi, maana ndiyo inayosukuma damu mwili mzima. Kumbe kati ya aota na ateri ya mapafu pana mshipa mfupi, kama milimita 3.5 tu. Wewe unaujua vizuri: mtoto huutumia akiwa tumboni kwa kuwa mapafu yake hayajaanza kazi, na akishazaliwa hujifunga baada ya siku chache. Wa binti huyu haukujifunga. Watafiti wakaona hiyo ndiyo sababu ya kifo cha yule ambaye mwili wake uliigwa.

Susini hakuwa daktari, alikuwa mchongaji. Alikiweka alichokiona kama kilivyo, na zaidi ya miaka 200 baadaye ugonjwa ukasomeka kwenye nta. Uaminifu wa namna hiyo nauheshimu mno.

Humo humo zimo kazi za Anna Morandi Manzolini, mwalimu wa anatomia wa karne ya 18, aliyejitengeneza mwenyewe kwa nta akipasua ubongo. Habari zake nitakuandikia katika barua ya peke yake.

Ukinijibu, niambie: mshipa huo ukikataa kujifunga kwa kichanga, ninyi wodini mnasikia nini mkimwekea kipimo kifuani?

Mdogo wako